Springi Korongoni

Springi ilitoka bila kishindo. Nilisikia tu gari likishusha pumzi upande wa kushoto nyuma, kama mtu aliyetua mzigo, kisha kitu cheusi kikapita kwenye kioo cha pembeni kikibingirika kuelekea chini ya korongo. Tulikuwa kati ya Engaruka na Engare Sero, mahali ambapo mvua za miaka mingi zimeichanachana ile ardhi ya majivu ya Ol Doinyo Lengai. Tairi la mbele kulia lilikuwa limepanda ukingo, la nyuma kushoto limening'inia shimoni, na mimi nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu, kwa sababu kwa miezi minane nilikuwa nikiitafuta picha hiyo hiyo: Landrova ya marehemu baba imejikunja kama paka, matairi yote manne yakigusa ardhi. Na kweli matairi yaliyogusa yalikuwa manne. Springi ndizo zilikuwa tatu.

Wavulana wawili wa Kimaasai waliokuwa wakichunga mbuzi walishuka korongoni, wakaikuta imekwama kwenye shina la mgunga. Wakapitisha fimbo katikati yake, wakaibeba mmoja huku na mwingine kule kama watu waliobeba mbuzi wa sherehe. Mkubwa wao akaniuliza, "Hiki ni cha gari lako, au unakiuza?"

Nikamjibu kwamba ni cha gari. Baadaye nilijiuliza kama nilisema kweli, maana wakati ule gari lilikuwa limesimama vizuri tu bila hicho kitu.

Gari lenyewe ni Series III ya mwaka 1974, ile 109 yenye chesisi ndefu. Baba alikuwa bwana mifugo. Aliizungusha Monduli, Longido na Simanjiro ikiwa bado ya serikali, imebeba chanjo za ng'ombe kwenye maboksi ya barafu, na ilipopigwa mnada akainunua kwa pesa ambazo mama hakuambiwa ni kiasi gani, na wala hajaambiwa mpaka leo. Namkumbuka jinsi alivyovuka makorongo, au niseme jinsi ambavyo hakuyavuka. Alisimamisha gari hatua ishirini kabla ya korongo, akazima injini, akashuka, akaweka mikono nyuma na kutembea mpaka ukingoni kama mkaguzi wa shule. Aliteremka chini, akapanda upande wa pili, akasimama kidogo, akarudi. Na mara nyingi, baada ya ukaguzi wote huo, alirudisha gari nyuma akaenda kutafuta njia ya pembeni, ile wanayopita punda na akina mama wanaotoka kuchota maji. Sisi watoto tulinuna kule nyuma. Tulitaka avuke.

Nilipolirithi gari, lilikuwa limekaa chini ya mwarobaini miaka sita. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 iliwaka siku ya pili. Springi ndizo zilizonishinda. Landrova za zamani hulalia springi za mabamba: vipande vya chuma vilivyopinda vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati, kirefu juu na kifupi chini. Gari linapopiga shimo mabamba hujikunja na kusuguana, na msuguano huo ndio unaosaidia kutuliza mrusho. Lakini chuma kikikaa na unyevu bila grisi hushikana. Yale ya baba yalikuwa yameshikana mpaka yakawa kipande kimoja cha kutu. Nilikuwa nimekalia reli. Barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati la migongo ilinifanya nishike meno yangu kwa ulimi.

Hapo ndipo nilipoanza ujuaji. Mtu yeyote anaona kwamba mabamba kumi ni magumu kuliko saba, basi nikatoa matatu kila upande wa nyuma, nikapaka grisi yaliyobaki. Gari likawa laini. Nikalisifia kijiweni. Wiki ya pili, nikipanda mlima wa mawe kwa gia ya kwanza nzito, likapiga kelele chini ya sakafu kama mtu anayegonga debe, kisha likanyamaza na kuanza kurudi nyuma. Krosi ya propela ilikuwa imekatika vipande viwili.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu nimeona wengi wakilirudia. Springi ya mabamba ina kazi mbili. Inabeba uzito, hiyo kila mtu anaiona. Lakini pia ndiyo inayoishika ekseli mahali pake, kwa kuwa kwenye gari lile hakuna mkono mwingine wowote unaoishika. Injini inapozungusha matairi kwenda mbele, ekseli nayo hutaka kujiviringisha kwenda kinyume. Mabamba kumi huikatalia. Saba yaliyopakwa grisi hujikunja kama herufi S, pua ya difu inainuka, propela inapinda kupita kiwango chake, na krosi inalipa deni. Mimi nilipunguza mbebaji nikasahau kwamba ndiye pia mlinzi.

Baada ya hapo nikafanya upuuzi wa pili ambao sitaukalia sana: nilirefusha vishikio vya springi za mbele ili gari liinuke na ekseli ipate nafasi ya kuning'inia. Kinachofanya gari lishike njia bila kuhangaika ni ule mlalo mdogo wa mhimili wa tairi la mbele, nyuzi 3 tu kwenye Landrova hizi, sawa na mlalo wa uma wa baiskeli unaokuwezesha kuachia mikono. Ukirefusha kishikio upande mmoja wa springi, ekseli huzunguka na mlalo ule hupotea. Kati ya Makuyuni na Arusha gari lilitangatanga barabarani kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Nilipopishana na lori la mchanga nilisema shahada. Nikavitoa vishikio vile jioni ile ile.

Huenda ningeishia hapo, ningenunua springi mpya za mabamba na kuishi kwa amani, kama rafiki yangu wa Nairobi asingenialika kwenda kuangalia Rhino Charge. Ni mashindano ya magari porini yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kuzungushia uzio wa umeme hifadhi ya Aberdare, kuwaokoa faru na msitu unaotoa maji. Uzio ule, karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na mashindano yakaendelea kwa ajili ya misitu mingine. Kuna vituo 13 na saa 10 za kuvipitia vyote, na mshindi ni yule aliyetembea umbali mfupi kuliko wenzake, mwendo kasi haumsaidii kitu. Basi watu hupitisha magari mahali ambapo mbuzi angefikiria mara mbili.

Nililala kifudifudi juu ya jiwe nikitazama chini ya magari yale yanavyopita. Sijawahi kuona kitu kama kile. Tairi moja linazama kwenye shimo la kufika kiunoni, jingine linapanda jiwe, na mwili wa gari umetulia katikati kama sinia la chai kichwani kwa mwanamke wa pwani. Springi za koili ndefu, shokapu ndefu, mikono ya chuma inayopanda na kushuka. Mbele ya kila gari kulikuwa na kijana anayekimbia kwa miguu, anaangalia korongo, anarudi, anaonyesha kwa mkono: huku, si kule. Sikumtazama kijana huyo hata mara moja. Macho yangu yote yalikuwa kwenye springi.

Nilirudi Arusha nikiwa nimeshaamua. Nikanunua ekseli mbili, springi na mikono kutoka kwenye Range Rover iliyokatwa spea, nikavipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima pale Unga Limited, ambaye vijana wake walimwita Mzee na mimi nikafuata. Nilimwamkia, nikamwaga chuma changu mbele yake, nikamweleza ninachotaka. Alisikiliza akiwa anakunywa chai. Kisha akasema, "Kijana wangu, wenyewe Waingereza waliweka koili kwenye Range Rover mwaka 1970, na hii Landrova ya kazi hawakuipa mpaka 1983. Miaka 13. Wewe unataka lini?"

Nikamwambia kabla ya Pasaka.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilinishangaza. Tulipokwisha kuzishikiza ekseli kwa muda, kwa vipande vidogo vya kuchomelea ambavyo vingeweza kukatwa, aliniambia nitoe springi zote. "Springi haikuambii kitu," alisema. "Inakuficha." Gari likakaa juu ya vigingi, ekseli zikiwa huru, na chini ya kila upande jeki. Akaniletea chaki na futi. Kuanzia asubuhi mpaka jioni nilipandisha jeki upande mmoja na kushusha mwingine, sentimita mbili kwa mara, na kila kitu kilipogota niliandika ukutani: nini, wapi, sentimita ngapi.

Huo ukuta ningeutia fremu. Ekseli ya nyuma ikiwa tupu, haijafungwa chochote zaidi ya mikono yake, ilishuka sentimita 31 kutoka pale ingekaa kawaida. Nikaruka kwa furaha. Mzee akaniambia funga mpira wa breki. Nikafunga: sentimita 16, mpira umekaza kama uzi wa gitaa. Nikanunua mrefu zaidi. Funga propela. Sentimita 22, kisha ile sehemu inayoteleza ikawa imebaki na vidole viwili tu kabla ya kuchomoka. Tukaibadilisha. Funga shokapu: sentimita 13. Nilikuwa nimeambiwa na muuzaji kwamba ni ndefu. Ni kweli zilikuwa ndefu, zikiwa mezani. Kwenye gari, nusu ya urefu wake ilikuwa inaelekea juu, mahali ambapo ekseli ilikwisha kugonga chesisi zamani. Tukahamisha vishikilio vyake vya juu, tukakata, tukapima, tukakata tena, mpaka tukapata sentimita 20 za kushuka na 12 za kupanda, na raba ya kuipokea ekseli kabla shokapu haijajipiga yenyewe.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia gari lake lina springi ndefu huwa nauliza mpira wa breki una urefu gani. Ananiona mjinga. Lakini ekseli haijui umelipia kitu gani ghali. Inasimama pale kifupi kuliko vyote kinapoishia, na mara nyingi kifupi hicho ni cha bei ya sahani ya chipsi. Mpira wa breki ukikatika porini kwa kuvutwa, urefu wa springi yako utausimulia ukiwa mtini.

Nyuma, mikono ya Range Rover ilitufaa jinsi ilivyo: miwili chini, na mmoja wa umbo la A juu ya difu wenye boljointi inayozunguka kila upande. Mbele ndipo kulikuwa na ubishi. Kule mbele kiwanda kiliweka mikono miwili mikubwa, kila mmoja umeishika ekseli kwa bushi mbili, moja mbele ya ekseli na moja nyuma yake. Muundo huo ni imara na unafaa barabarani, lakini ekseli ikitaka kulala upande mmoja, mikono ile miwili inataka kuisokota kama nguo inayokamuliwa. Kinachoruhusu mwendo ni ulaini wa raba za bushi peke yake. Nilitaka tuitupe, tuweke mikono mitatu: miwili chini na mmoja juu. Mzee alisema inawezekana, ila mkono ule mmoja wa juu utabeba peke yake kazi ya kuizuia ekseli isijiviringishe kila ninapokanyaga breki, kwa hiyo tusifanyie chuma mzaha.

Mimi nikafanyia chuma mzaha. Mzee alisafiri kwenda msibani, na mimi nikaona siwezi kusubiri wiki nzima. Mikono miwili ya chini nikaitengeneza kwa bomba la maji, lile lenye mshono, nililolipata kwa bei nzuri. Lilionekana nene. Siku ya kwanza ya majaribio, tairi la mbele lilipogonga jiwe, mkono wa kulia ulipinda katikati kama mwanzi, na tairi likarudi nyuma mpaka likala bodi. Bomba linalosukumwa kutoka kwenye ncha zake halivunjiki, hujikunja, na kadiri lilivyo refu ndivyo linavyojikunja kirahisi. Kwa hiyo urefu nilioutafuta ndio uliolimaliza. Mzee aliporudi hakusema neno. Aliutundika ule mkono uliopinda juu ya mlango wa gereji, na uko pale mpaka leo. Wateja wapya huuliza.

Tuliunda mingine kwa bomba nene lisilo na mshono. Nilijifunza pia kwa kumtazama anavyochomelea. Chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hujivuta, na bomba la ekseli likichomelewa upande mmoja kwa mfululizo hupinda kuelekea kwenye mshono, kisha tairi linaanza kuliwa upande bila wewe kujua sababu. Yeye alishona kidogo hapa, akahama upande wa pili, akangoja, akarudi, kama mama anayeshona godoro. Mshono wa urefu wa kiganja ulimchukua asubuhi nzima, na katikati yake chai mbili.

Kile chuma kirefu cha kuizuia ekseli isihame kulia na kushoto nilikifunga chini zaidi ya fito ya usukani, kwa sababu nafasi ilikuwepo. Kila shimo, gari likawa linakata kona lenyewe. Mzee akawaita vijana wawili wabebe ubao mrefu, akamwambia mmoja apige magoti. Ubao ukaenda upande. "Wote wapige magoti pamoja," akasema. Tukakifunga sambamba na fito ya usukani, kwa urefu ule ule kadiri tulivyoweza, na usukani ukatulia.

Sasa zile springi. Za Range Rover zilikuwa za waya wa milimita 14, laini. Niliogopa kwamba gari likibeba watu na maji litakaa chini, nikatafuta nyingine za urefu na upana ule ule, za waya wa milimita 16. Milimita 2 ni nini? Unene wa kucha chache za kidole gumba. Lakini ugumu wa springi ya koili haupandi sambamba na unene wa waya. Hupanda kwa unene huo uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Gawa 16 kwa 14, zidisha jibu hilo kwa lenyewe mara nne, utapata 1.7. Milimita zangu mbili zilikuwa zimeongeza ugumu kwa asilimia 70.

Hesabu hiyo sikuifanya gereji. Niliifanya usiku, kule Engare Sero, nikiwa nimelala juu ya bodi na ile springi iliyotoka iko pembeni yangu kama mgeni asiyeongea. Kona ya nyuma ya gari hilo hubeba kama kilo 450. Springi laini, inayohitaji kilo 2.5 ili ijikunje milimita moja, hujikunja sentimita 18 chini ya mzigo huo. Ile ngumu hujikunja sentimita 10 na nusu tu. Ekseli ikishuka sentimita 10 na nusu, springi ngumu imekwisha kujinyoosha yote. Haisukumi tena kitu. Imesimama tu kati ya viti vyake viwili. Na mimi, kwa chaki na jeki na jasho, nilikuwa nimeiruhusu ekseli ishuke sentimita 20. Karibu sentimita 10 za hewa. Springi ingekosaje kutoka?

Niliporudi Unga Limited nilidhani Mzee atanipongeza kwa hesabu. Aliikubali, akarudisha springi za milimita 14, akazifunga ncha za chini kwenye ekseli. Kisha akachukua mkanda wa kufungia mizigo ya lori, akaukata vipande viwili, akaanza kuvifunga kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, kimoja kila upande. Vilikaza ekseli ikiwa imeshuka sentimita 18.

Nilipandisha sauti, nakiri. Nilimwambia nimetumia miezi minane na pesa ya kiwanja kutafuta mwendo, na yeye anaufunga kwa kamba!

Akaniuliza, "Lile tairi lililokuwa linaning'inia korongoni, lilikuwa linagusa ardhi?"

"Ndiyo, Mzee. Lilikuwa linagusa."

"Lilikuvuta?"

Nikanyamaza. Halikunivuta. Nilipokanyaga mafuta lilizunguka bure likichimba majivu, na gari likatoka baada ya kuvutwa kwa winchi ya mwenzangu. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo: nguvu inayofika kwenye tairi lenye kazi haiwezi kuzidi ile ambayo tairi jepesi linaweza kuishika. Tairi linalogusa ardhi bila kubeba uzito linafaa kupigwa picha. Zile sentimita za mwisho, nilizozifukuzia kuliko zote, zilikuwa za picha. Hata sasa huwa naona tabu kuyasema haya mbele ya vijana wa kijiweni, maana bado naipenda ile picha.

Ili kupima mikanda imenipunguzia mwendo kiasi gani, tulijenga ngazi ya mteremko wa nyuzi 20 kwa mbao na vyuma, mita 3 kwa urefu, ncha yake ikiwa juu kidogo ya mita 1. Gari linapandisha tairi moja la mbele mpaka jingine lolote linapoanza kunyanyuka, unapima umbali lilipofika, unaugawa kwa nafasi iliyopo kati ya ekseli mbili, unazidisha kwa 1,000. Kwenye 109 nafasi hiyo ni milimita 2,769. Kwa mabamba ya baba, kabla sijayagusa, lilipanda milimita 1,150, sawa na alama 415. Bila mikanda ya Mzee, 1,780, alama 643. Kwa mikanda, 1,700, alama 614. Alama 29 zimefungwa kwa kamba ya lori. Nilimwonyesha Mzee karatasi. Akaisoma kwa heshima kubwa, akaitumia kufutia mikono.

Kuna nilichopoteza pia, na nitakuwa mwongo nisipokitaja. Kwenye lami gari sasa hulala kwenye kona kama jahazi, na mtu wa nyuma hujishika. Haliwezi tena kubeba magunia kumi ya mahindi lililokuwa likibeba bila kunung'unika. Magunia sita, raba zinagusa. Mafundi wa watalii waliokuja kuliangalia mwaka 2024, mji ulipojaa Landrova za tamasha, walisifia kazi ya kuchomelea kisha wakauliza kwa upole linabeba watu wangapi. Na limeinuka. Mama alikuwa na namna yake ya kupanda gari hilo tangu nikiwa mdogo: mguu wa kushoto, mkono kwenye nguzo ya mlango, khanga imebanwa kwa meno, hop. Siku niliyompelekea lilivyo sasa alilizunguka mara moja, akasimama mlangoni, akaangalia juu.

"Baba," akaniambia, "nenda kaniletee kigoda."

Kigoda kile hakijarudi jikoni. Kinakaa nyuma, kimefungwa na springi mbili za milimita 16 ambazo hakuna anayetaka kuzinunua.

Desemba iliyopita nilimpeleka Engare Sero kwa ndugu zake. Sikumwambia kitu, lakini nilipitia makusudi lile korongo. Nilisimama kabla ya ukingo, nikashuka, nikatembea mpaka chini, na nilipokuwa nikirudi niligundua kwamba nimeweka mikono nyuma. Niliingia, nikaweka gia nzito, nikaachia klachi. Tairi la mbele kulia likapanda, la nyuma kushoto likazama, mikanda ikakaza kidogo, nikaisikia. Gari likavuka kama maji yanavyopita juu ya jiwe. Hakuna tairi lililozunguka bure. Chupa ya chai iliyokuwa mapajani mwa mama haikumwagika hata tone.

Nilisimama upande wa pili, nikazima injini, nikamgeukia nikiwa nasubiri.

Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani akitazama tulikotoka, kushoto zaidi, mbali kidogo na korongo.

"Na ile njia ya baba yako ya pembeni," akauliza, "wameifunga?"

Nikatazama. Ilikuwa wazi. Punda wawili walikuwa wanapita na madumu ya maji.